UUNGWANA WA JUU YA FARASI
Maadili ya kikabaila katika hadithi za Ulaya ya Zama za Kati

Kila tabaka tawala hujichorea picha yake, na picha hiyo huitundika mahali ambapo watawaliwa nao wataiona na kuipenda. Katika Ulaya ya Zama za Kati picha hiyo ilikuwa ni mtu juu ya farasi: amevaa deraya, ana mkuki mkononi, anapita msituni peke yake akitafuta mnyonge wa kumwokoa. Wasomaji wetu wengi wamemwona katika sinema. Sisi tunapenda kumrudisha mahali alipolelewa, yaani katika majumba ya makabaila wa Ufaransa ya karne ya 12, na kuuliza swali moja: wema wake ulikuwa unaishia wapi?

Maneno yenyewe yanatusaidia. Wafaransa walimwita mpiganaji huyo kwa jina litokanalo na farasi, na jina hilo lilieleza mali kabla ya kueleza tabia, kwani farasi wa vita, deraya na upanga vilihitaji kipato ambacho mkulima hakuweza kukiota. Sifa alizotakiwa kuwa nazo zilikuwa ushujaa, uaminifu kwa bwana wake, ukarimu na adabu. Adabu iliitwa kwa neno lenye asili ya baraza la mtawala, kana kwamba mtu wa shambani hawezi kuwa nayo. Na neno la Kifaransa cha zamani la mkulima wa kijijini, vilain, ndilo lililokuja kuwa neno la mtu duni na mwovu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa. Pwani yetu nayo, uungwana ulikuwa ni hali ya kutokuwa mtumwa kabla ya kuwa jina la tabia njema, na muungwana alijulikana kwa kuwapo mtwana.

Mtungaji mkubwa wa hadithi hizi ni Chrétien de Troyes, aliyeandika baina ya mwaka 1160 na 1190 hivi. Hadithi yake ya Lancelot anasema alipewa na Marie, mke wa mtawala wa Champagne. Ile ya Perceval, ambayo hakuimaliza, aliitunga kwa ajili ya Philip, mtawala wa Flanders. Tuyatazame majimbo haya mawili kwa jicho la uchumi. Flanders ndiko kulikofumwa vitambaa bora vya sufu vya kaskazini ya Ulaya. Champagne ndiko kulikokuwa na magulio makubwa, katika miji ya Troyes, Provins, Lagny na Bar-sur-Aube, ambamo vitambaa hivyo viliuzwa kwa wafanyabiashara wa Italia huku mtawala akitoza ushuru wake. Kwa hiyo fasihi ya farasi na mikuki ililishwa, kwa sehemu kubwa, na kitambaa.

Ndani ya hadithi, bila shaka, jambo hili halionekani. Katika Cligès ukarimu unatukuzwa kuwa malkia wa sifa zote, na waungwana hugawa farasi, nguo na dhahabu pasipo kuhesabu. Mtungaji haulizi vitu hivyo vimetoka wapi. Vilitoka kwa mkulima, kwa njia ya kodi, ya kazi ya lazima katika shamba la bwana, na ya ada ya kusaga nafaka katika kinu cha bwana, maana mara nyingi alikatazwa kusaga penginepo. Ni rahisi sana mtu kuwa karimu kwa jasho la mwingine.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaozitupa hadithi hizi zote kuwa ni uongo mtupu wa makabaila. Itikadi ikisimuliwa na fundi hodari, ukweli hupenya kwenye nyufa zake. Katika hadithi ya Yvain, shujaa anaingia katika ngome moja na kukuta ua uliozungushiwa miti iliyochongwa ncha. Ndani yake wamo wasichana 300 wakifuma hariri na nyuzi za dhahabu. Wamekonda, wamesawijika, nguo zao zimechanika. Mmoja wao anaeleza kwamba wao hufuma hariri lakini hawatavaa nguo nzuri kamwe. Kwamba katika kila pauni ya kazi yao hupata dinari 4 tu. Na kwamba anayetajirika ni yule wanayemfanyia kazi. Pauni ya wakati huo ilikuwa dinari 240. Mfumaji alipata sehemu 1 katika 60.

Wanahistoria wamebishana kama mtungaji alikuwa akiwaza karakana za kwao au za hariri za nchi za mbali. Kwa maoni yetu hesabu ile inatosha. Aliyeitia katika kinywa cha msichana alikuwa amekwisha kusikia mahali fulani watu wakilalamikia ujira.

Lakini tazameni anavyoliponyesha tatizo hilo. Wasichana wale ni fidia: mfalme wao kijana alishindwa na watu wawili waliozaliwa na jini, akaahidi kupeleka wasichana 30 kila mwaka. Kumbe kosa si la mwenye karakana, ni la majini! Yvain anawashinda kwa msaada wa simba wake, wafumaji wanafunguliwa, wanakwenda kwao wakimshukuru. Unyonyaji umeelezwa kwa usahihi wa mhasibu, kisha ukaondolewa kwa upanga wa mtu mmoja mwema. Aliyenyonywa hana la kufanya ila kungoja muungwana apite.

Wema huo ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe uliandikwa. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo Andreas Capellanus alitunga kitabu cha Kilatini juu ya mapenzi, ambamo Marie wa Champagne anatajwa kama hakimu wa mambo ya wapendanao. Bibi wa kikabaila anastahili kubembelezwa kwa maneno mengi na subira. Kuhusu mwanamke mkulima, sura yake ni fupi mno, na ushauri wake ni kwamba mwanamume asisite kutumia nguvu kidogo.

Vita vilionyesha mpaka huo waziwazi zaidi. Tarehe 9 Juni 1358, wakati wa uasi wa wakulima wa Ufaransa, waasi walifika Meaux, ambako mabibi wa kikabaila walikuwa wamejificha. Walikuja kuokolewa na Gaston, mtawala wa Foix, na Captal de Buch, aliyekuwa mtumishi wa mfalme wa Uingereza, adui wa Ufaransa katika vita vilivyokuwa vikiendelea. Uadui uliwekwa kando mara moja. Waasi walichinjwa, mji ukachomwa moto. Jean Froissart, ambaye pia alitunga hadithi ndefu ya Méliador kwa mtindo wa zile za Arthur, anawasifu waokoaji hao na kudai waliuawa zaidi ya watu 7,000, hesabu iliyotiwa chumvi. Mwungwana aliyetekwa na mwungwana mwenzake alilipiwa fidia akaenda zake. Mfalme Jean wa Ufaransa, aliyetekwa Poitiers mwaka 1356, alikadiriwa kwa ekyu milioni 3 za dhahabu. Mkulima hakuwa na bei.

Wafumaji wa kweli, wale wa Flanders, hawakungoja simba. Tarehe 11 Julai 1302, karibu na Kortrijk, majeshi ya miji yao yalisimama kwa miguu nyuma ya vijito na mitaro, wakiwa na mikuki mirefu na marungu yenye ncha ya chuma, mbele ya wapanda farasi wa Mfalme Philip wa Nne. Kati ya viongozi wao alikuwamo Pieter de Coninck, mfumaji wa Brugge. Tusilikuze jambo kupita kiasi: makamanda walikuwa watoto wa makabaila, na matajiri wengi wa miji walikuwa upande wa mfalme. Lakini amri ya siku ile ilikuwa kutomteka mtu yeyote. Farasi walikwama, na Robert wa Artois, jemadari wa Wafaransa, akauawa pamoja na mamia ya waungwana waliozoea kulipiwa fidia. Vichokoo vya dhahabu vya kuchokolea farasi, jozi 500 kwa hesabu ya mapokeo, vilitundikwa katika kanisa la mji. Na de Coninck? Alikuwa amekwisha kupewa uungwana wa farasi na mabwana wake, kabla ya mapigano kuanza.

Miaka 80 baadaye, Novemba 1382, jeshi la Ufaransa liliwashinda watu wa Flanders huko Westrozebeke. Mfalme Charles wa Sita, mwenye umri wa miaka 13, aliamuru Kortrijk uchomwe. Vichokoo vilichukuliwa. Mjomba wake Philip wa Burgundy, baba yake mdogo kwa hesabu zetu, aliing'oa saa kubwa ya mji akaipeleka Dijon, na hadi leo sanamu yake ya mtu mwenye nyundo inagonga kengele juu ya kanisa la Notre-Dame.