Miezi ya Kungoja Mvua: Hali ya Anga ya Songea na Njaa ya Baada ya Maji Maji

Majina ya majira katika Kiswahili yalitolewa na watu wa bahari. Kaskazi na kusi ni pepo zilizoleta majahazi na kuyarudisha. Masika, kipupwe, demani na vuli ni migawanyo ya mwaka iliyomfaa nahodha, mvuvi na mkulima wa Pwani. Kwa sababu hiyo mtu wa Pwani afikaye Songea katika mwezi wa Oktoba au Novemba hujiona hana jina la kuyaita majira anayoyakuta. Kwao wakati huo hutazamiwa vuli, lakini Songea haina vuli. Na mwanafunzi aliyesoma jiografia katika vitabu vya Ulaya, akijua kwamba kusini mwa Ikweta mambo hugeuka, atasema kwamba hayo ni majira ya kuchipua, nayo yako karibu na mwisho. Hesabu yake ni sahihi, na jina lenyewe lina ukweli kidogo, kwa kuwa miti ya miombo huchipua majani mapya mekundu kabla hata tone moja la mvua halijaanguka. Lakini jina hilo halimwelezi jambo lililo kubwa zaidi: kwamba hii ndiyo miezi ambayo mkulima wa Ungoni huwa na chakula cha mwaka uliopita ghalani na chakula cha mwaka ujao hakijapata udongo.

Makala haya yataka kueleza hali hiyo ya anga, kisha kuonyesha kwamba asiyeifahamu hawezi kuifahamu barabara njaa iliyowaangamiza watu wa Ungoni baada ya Vita vya Maji Maji. Historia ya vita hivyo imeandikwa mara nyingi kwa tarehe za mapigano. Hapa twajaribu kuisoma kwa kalenda ya mvua.

Mji wa Songea uko yapata nyuzi 10 na dakika 40 kusini mwa Ikweta, juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mashariki yake vimesimama vilima vya Matogoro, ambako ndiko chanzo cha mto Ruvuma unaopita mpakani mwa Tanzania na Msumbiji hata kuingia Bahari ya Hindi. Kwa kuwa nchi imeinuka, mwezi wa Juni na wa Julai huwa na baridi kali asubuhi, na watu hujifunika mablanketi wakiota moto. Baridi hiyo huondoka mwezi wa Septemba. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kuliko yote; mchana hewa hufika karibu nyuzi 28 au 29 za sentigredi, ingawa usiku hupoa kiasi cha kumwezesha mtu kulala vizuri.

Sababu ya joto hilo si ngumu kuieleza. Katika safari yake ya kwenda kusini, jua hupita wima juu ya Songea karibu na tarehe 21 Oktoba, kisha likirudi kaskazini hupita tena karibu na tarehe 20 Februari. Lipitapo mara ya kwanza hukuta anga halina mawingu ya kutosha kulizuia, nayo nchi imekauka kwa miezi mitano au sita. Kwa hiyo Oktoba ina joto kuliko Februari, ingawa jua ni lile lile. Ukanda wa mvua hufuata nyuma ya jua, wala hauendi naye sawasawa. Hufika Songea kwa kawaida katika nusu ya pili ya Novemba, au Desemba, na kukaa hata Aprili.

Ndiyo maana hali ya Oktoba na Novemba ina sura mbili. Mwanzoni anga ni jeupe kwa vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, na Matogoro haionekani vizuri hata kwa mtu aliye mjini. Udongo ni mwekundu na mgumu, vijito vimepungua, na ng'ombe hukonda. Kisha mawingu huanza kujikusanya alasiri, ngurumo zikasikika mbali, na upepo wa ghafula ukapeperusha majani makavu. Mara nyingi jioni ya kwanza hupita bila mvua, na ya pili vile vile. Mwishowe manyunyu huanguka, harufu ya udongo ikaenea, na kumbikumbi wakatoka kwa maelfu. Masuku huanza kuiva porini na maembe bustanini. Lakini mvua ya kwanza hudanganya. Huweza kunyesha siku mbili kisha ikakoma majuma mawili, na aliyeharakisha kupanda akaona mbegu zake zikifa ardhini.

Jambo la kukumbuka ni hili. Mahali penye mvua mbili kwa mwaka, kama sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya nchi, mkulima akikosa vuli hutumaini masika. Songea ina mvua moja tu. Mahindi na ulezi huingia ardhini katika majuma machache baada ya mvua kukubali, na mavuno makubwa hupatikana Mei hata Julai. Basi ghala ya Oktoba si chakula cha Oktoba peke yake. Ina chakula cha kumfikisha mkulima Februari au Machi, mazao mabichi ya kwanza yatakapopatikana, tena ina mbegu. Anayeichoma ghala mwezi huo huteketeza mwaka uliopo pamoja na mwaka ujao.

Tukiwa na maarifa hayo, na tuutazame mwaka wa 1905. Wangoni, ambao wazee wao walitoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835, walikuwa wamejenga katika nchi hiyo tawala mbili, Njelu na Mshope. Wajerumani walijenga boma lao mwaka 1897, na mji uliokua hapo ulichukua jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa wakuu wa Njelu. Vita vilianza mwezi wa Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, mbali huko nyuma ya Kilwa, baada ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe kueneza habari za maji yatakayowakinga watu na risasi. Kinjikitile alinyongwa mwanzoni mwa Agosti, lakini maji yalikwisha kumpita. Yaliletwa Ungoni na mjumbe aitwaye Omari Kinjala. Nkosi Chabruma wa Mshope aliyapokea, na Nkosi Mputa Gama wa Njelu baadaye akakubali. Mwezi wa Septemba misheni ya Wabenediktini ya Peramiho ilichomwa moto.

Angalia majira. Wangoni waliingia vitani mavuno yakiwa yamekwisha kuwekwa ghalani, njia zikiwa kavu, mito ikiwa na vivuko vyepesi, na kazi ya shamba ikiwa bado. Kwa watu waliozoea kupigana vita vya haraka na kurudi nyumbani, wakati huo ulikuwa mzuri kuliko yote. Sidhani kwamba waliuchagua kwa shauri refu, kwa kuwa habari za maji ziliwafikia zilipofika. Lakini wangalishinda kabla ya Desemba, wangalirudi kulima. Hesabu hiyo ilikuwa na sharti moja, yaani vita viishe upesi.

Havikuisha. Katika mwezi wa Oktoba jeshi kubwa la Wangoni lilipigwa kwa bunduki za rashasha, na wengi waliona kwa macho yao kwamba maji hayakuzuia risasi. Tangu hapo vita viligeuka. Wangoni walijigawa katika vikundi vidogo na kujificha msituni, na Wajerumani, ambao hawakuwa na askari wa kutosha kumfuata kila mtu porini, waliamua kupigana na chakula. Vijiji vilichomwa, ghala zikamwagwa au kuchukuliwa, mifugo ikatekwa. Kapteni Richter, aliyeongoza boma la Songea, alipolalamikiwa na mmisionari kuhusu njaa iliyokuwa ikija, alijibu kwamba watu hao na wafe njaa, na kwamba kama angaliweza angaliwazuia hata wasipande kitu.

Maneno hayo yamenukuliwa na wanahistoria ili kuonyesha ukatili wa mtu mmoja, na ukatili wake hauna shaka. Lakini yafaa tuyasome pia kama maneno ya mtu aliyeijua kalenda ya nchi. Hakusema tu kwamba atachukua chakula, alitaja kupanda. Alifahamu kwamba baada ya mvua ya kwanza kuna majuma machache tu, na kwamba mtu aliye mafichoni bila jembe na bila mbegu katika majuma hayo amekwisha shindwa, hata kama hajaonwa na askari yeyote hata siku moja. Katika nchi ya mvua mbili shauri kama hilo lingalihitaji kurudiwa baada ya miezi michache. Ungoni lilitosha mara moja.

Mtu aweza kuuliza kama njaa ile haikutokana na ukame, kama njaa nyingine nyingi za nchi hii. Swali hilo ni la haki, lakini hatuhitaji ukame ili kuieleza. Tuseme mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri kuliko zote. Ingaliwafaa nini watu waliochomewa mbegu? Mvua ikinyesha juu ya shamba lisilolimwa huotesha nyasi. Zaidi ya hayo mvua yenyewe iliwaongezea taabu watu waliokimbia, kwa kuwa waliishi porini bila paa katika miezi yenye homa nyingi, wakitegemea matunda, mizizi na uyoga.

Hata kunyongwa kwa wakuu kulitokea katikati ya msimu. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga Nkosi Mputa na manduna na watu wengine wengi hapo Songea, na kuwazika katika kaburi moja. Wote walionyongwa walizidi 60. Nduna Songea Mbano alinyongwa peke yake siku chache baadaye. Siku hizo jua lilikuwa likipita wima mara ya pili, mvua zikiwa zimefunga, na katika mwaka wa kawaida mahindi yangalikuwa marefu kupita kimo cha mtu. Mwaka ule mashamba mengi yalikuwa mapori. Chabruma aliendelea kupigana kwa muda, kisha akakimbilia nchi iliyotawaliwa na Wareno.

Idadi ya waliokufa katika vita vya Maji Maji vyote haijulikani kwa hakika. Makadirio yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000, na wataalamu wanakubaliana kwamba walio wengi hawakufa kwa risasi bali kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Tofauti hiyo kubwa ya makadirio ina sababu yake. Aliyepigwa risasi aliandikwa katika taarifa ya afisa. Aliyekufa Januari porini kwa sababu ghala yake ilichomwa Oktoba hakuandikwa na mtu.

Hapo twaliona neno lenyewe la maji kwa namna nyingine. Katika nchi nyingi za kusini na mashariki maji ya dawa hayakuwa ya vita tu. Kwa mfano, watu walikwenda kwa Kolelo, katika milima ya Uluguru, kutafuta mvua na rutuba ya mashamba. Kwa hiyo mtu aliyepokea maji mwezi wa Agosti au Septemba, majira ya ukame, alipokea kitu kilichofungamana na yale aliyoyangoja kila mwaka. Si ajabu kwamba ahadi hiyo iliaminiwa upesi na makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja wala lugha moja ya nyumbani.

Leo Songea ina makumbusho ya Maji Maji, na kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika penye kaburi la mashujaa kuadhimisha siku ya kunyongwa kwao. Ndivyo ipasavyo. Lakini Februari ni mwezi wa kijani, na mgeni ajaye siku hiyo huona nchi iliyoshiba maji, akadhani kwamba waliokufa walikuwa wale walio kaburini tu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na jamaa wa Nduna Songea Mbano, na akaomba radhi kwa matendo ya Wajerumani. Jamaa hao wanangojea hata leo fuvu la mzee wao, ambalo wasema lilichukuliwa likapelekwa Ujerumani. Sijui kama tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kufikiri, lakini iliangukia katika miezi ile ile ambayo mwaka 1905 ghala zilikuwa zikiwaka.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliokumbuka vita hivyo, na kazi yao imetufaa sana. Wazee hao hawapo tena. Lakini yapo mambo ambayo wajukuu wao wangali wakiyajua kwa sababu wanayaishi kila mwaka: siku gani udongo hukubali mbegu, debe ngapi za mahindi humfikisha mtu Machi, mizizi gani huliwa ghala ikiwa tupu. Mwanafunzi wa leo atakayekwenda Namabengo au Peramiho mwezi wa Novemba na kuuliza maswali hayo, kisha akayalinganisha na tarehe za taarifa za Kijerumani, ataweza kuhesabu kijiji kwa kijiji kile ambacho maafisa hawakukihesabu. Na aende kabla ya mvua kukolea, maana baadaye atakuta watu wote wako shambani.