Nyuzi za mimea katika kukinga mawimbi ya sumaku-umeme

Mkonge, katani, pamba, usumba wa nazi na nyuzi nyingine za mimea hutumika kama mifupa ya vifaa vinavyozuia mawimbi ya redio na ya mikrowevu yasipenye. Nyuzi hufungwa pamoja kwa plastiki au kwa gundi ngumu kama epoksi, na kinachopatikana huitwa kompositi. Neno mifupa limetumika kwa makusudi, kwa sababu uzi wa mmea peke yake haukingi chochote. Sehemu yake kubwa ni selulosi, nayo ni kihami: wimbi hupenya ubao wa mkonge na epoksi karibu kama mwanga unavyopenya kioo. Kazi ya kukinga hufanywa na kile kilichopakwa juu ya uzi au kuchanganywa kandokando yake, la sivyo uzi wenyewe uwe umegeuzwa na moto kuwa kitu kingine.

Usumbufu unaokingwa unafahamika na yeyote aliyewahi kuweka simu ya mkononi karibu na redio, akasikia spika ikitatarika kabla simu haijalia. Simu ya mfumo wa GSM hurusha nguvu zake kwa mapigo 217 kila sekunde, na nyaya za ndani ya redio huyadaka kana kwamba ni antena. Kasha la chuma lilizuia mengi ya hayo bila mtu kulifikiria. Michael Faraday alikwisha kuonyesha mwaka 1836 kwamba chumba kilichozungushiwa kipitishi cha umeme huwa shwari ndani hata umeme ukicheza nje. Makasha ya plastiki yalipoingia, kinga hiyo ikaondoka pamoja na chuma.

Uwezo wa kinga hupimwa kwa desibeli. Kinga ya desibeli 20 huacha asilimia 1 ya nguvu ya wimbi ipite. Ya 30 huacha sehemu moja ya elfu, na ya 60 sehemu moja ya milioni. Kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani na ofisini, desibeli 20 hadi 30 huhesabiwa kuwa za kutosha. Maabara nyingi hupima vipande vidogo katika masafa ya gigahezi 8.2 hadi 12.4, yanayotumiwa na rada. Kwa hiyo msomaji anayekutana na tarakimu ya desibeli aulize kwanza unene wa kipande na masafa yaliyotumika, maana bila hayo tarakimu haina uzito.

Wimbi huzuiwa kwa kurudishwa au kwa kumezwa. Shaba hurudisha, na haihitaji unene: katika gigahezi 1 mkondo hauingii ndani ya shaba zaidi ya mikromita 2 hivi. Lakini wimbi lililorudishwa halijafa, hugonga ukuta mwingine wa kasha na kusumbua saketi ya jirani. Hapa ndipo nyuzi za mimea zinapokuwa na la kusema. Uzi wa mkonge haujajaa ndani kama waya. Ni mkusanyiko wa seli ndefu zenye uwazi katikati, zilizogandishwa pamoja na lignini. Kuta hizo zikishapitisha umeme, wimbi huingia kwenye mianya, hugonga huku na huko, na kila mgongano huacha nguvu kidogo inayogeuka joto. Wepesi nao ni faida: uzi una uzito wa gramu 1.4 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali shaba ina karibu 9.

Njia ya kwanza ya kuufanya uzi upitishe umeme ni kuuchoma bila hewa, na si ngeni. Thomas Edison alitumia uzi wa pamba uliogeuzwa mkaa katika taa yake ya 1879, kisha mianzi ya Japani. Mchoma mkaa anayefunika tanuri kwa udongo hufuata kanuni hiyohiyo, ila tanuri lake halifiki joto linalotakiwa. Upitishaji umeme hupanda ghafla kati ya nyuzijoto 600 na 800 za Selsiasi, kaboni inapoanza kujipanga katika vibamba vilivyoshikana. Gharama yake ni nyenzo yenyewe: kaboni ni asilimia 44 tu ya uzito wa selulosi, na si yote inayobaki. Uzi unaosalia ni mwepesi, mweusi na huvunjika upesi, hivyo nguvu ya kubeba mzigo lazima itoke kwenye gundi.

Njia ya pili huuacha uzi ukiwa mzima na kuuvika nguo. Kwanza huoshwa kwa magadi makali ya sodiamu ili nta na sehemu ya lignini ziondoke, uso uwe na mikwaruzo ya kushika. Kisha hupakwa nikeli au shaba kwa kuchovywa katika mmumunyo wa kemikali, au huoteshewa plastiki inayopitisha umeme kama polianilini, ambayo katika hali ya kupitisha umeme huwa na rangi ya kijani. Plastiki za aina hiyo ziliwapa Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2000. Ziko pia nanotyubu za kaboni, grafini na vibamba vya MXene, vilivyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2011. Faida ya kuvipaka kwenye uzi, badala ya kuvimwaga ovyo ndani ya plastiki, ni kwamba uzi ni mrefu: chembechembe chache zilizopangwa juu yake hushikana na kuwa njia ya umeme, wakati zikitawanyika kila moja hubaki kisiwa.

Mpangilio wa nyuzi una neno lake. Heinrich Hertz alionyesha mwaka 1888 kwamba wavu wa nyaya zilizolala upande mmoja huzuia wimbi ambalo uga wake wa umeme unafuata nyaya, na kuliachia linalozikata. Kompositi ya nyuzi zilizochanwa upande mmoja hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana hufumwa au hupandanishwa kwa matabaka.

Kwa Tanga, mkoa wa mashamba ya mkonge nchini Tanzania, habari hii ina kejeli. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ikasalimika miche 62 tu kati ya 1,000, ukawa zao kuu la Tanganyika mpaka kamba za polipropilini zilipouangusha. Polipropilini hiyohiyo ndiyo inayofaa sana kuufunga mkonge katika kompositi, kwa kuwa huyeyuka karibu nyuzijoto 165, kabla selulosi haijaanza kuungua. Ubao unaotoka hapo bado unahitaji kupakwa kaboni au nikeli ili ukinge, na vitu hivyo havichanwi kwa korona, mashine ya kuchana mkonge.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni unyevu. Nyuzi hunywa maji, hufura na kuachana na gundi. Shaba iliyopakwa hushika kutu ya kijani, na polianilini hupoteza uwezo wa kupitisha umeme ikiguswa na magadi. Tena maji yenyewe humeza mikrowevu, hivyo kipande ambacho hakijakaushwa vizuri huonekana bora kuliko kilivyo. Tatizo jingine liko kwenye kifuniko cha kasha. Kompositi iliyotoka kwenye kalibu huwa na ngozi nyembamba ya plastiki tupu, na kasha la namna hiyo likifungwa, sehemu zake mbili hazigusani kiumeme. Mwanya wa sentimita 15 huvujisha gigahezi 1 kama antena, hata kuta ziwe na desibeli 60. Mafundi huikwangua ngozi hiyo ukingoni na kuweka mpira unaopitisha umeme. Na kasha likichakaa, uzi uliovikwa nikeli hauozi shambani kama singa za kawaida; ukichomwa, nikeli hubaki kwenye majivu.