Chipu ya 555 na Taa za Matatu za Eastlands
Chipu ya kupima muda iitwayo 555 ilisanifiwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, mhandisi mzaliwa wa Uswisi, kwa ajili ya kampuni ya Signetics ya California, ikaingia sokoni mwaka 1972. Mwaka mmoja baadaye, nchini Kenya, Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu. Mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni ya enzi ya ukoloni hadi Buruburu, Umoja na Dandora iliyochipuka miaka ya sabini, ikawa ngome ya matatu, ambazo taa zake zilikuja kuendeshwa na chipu hiyo.

Ndani ya chipu hiyo, rezista tatu zilizo sawa huigawa volti ya betri mafungu matatu. Kapasita iliyo nje hujaa hadi theluthi mbili ya volti hiyo, hupunguzwa hadi theluthi moja, kisha hujaa tena. Kila duru huwasha na kuzima mguu wa tatu wa chipu. Kwa kuwa vipimo hivyo ni sehemu ya volti yenyewe, mwendo wa mapigo haubadiliki sana betri ikipanda au ikishuka. Katika gari, ambamo volti huporomoka starta inapozungushwa, hiyo si faida ndogo.

Flasha za zamani, yaani vifaa vya kumwekesha taa za gari, zilitegemea bamba la metali mbili lililopindishwa na joto la mkondo wa balbu. LED zilipoingia, mkondo wake mdogo haukuweza kulipasha bamba hilo. Chipu ya 555 haijali taa inakula umeme kiasi gani: mguu wake wa tatu hutoa hadi miliampea 200, zinazotosha kuvuta rilei ndogo.

Mapambo yalihitaji zaidi. Mapigo ya 555 yakipelekwa kwenye chipu ya 4017, yenye njia kumi za kutokea, taa huwaka moja baada ya nyingine na mwanga huonekana ukikimbia ubavuni. Nissan ya volti 12 haina taabu. Basi dogo la Isuzu lina volti 24, ilhali 555 ya kawaida huvumilia 16 tu. Fundi asiyetanguliza kidhibiti cha volti kama 7812 huiunguza papo hapo, na hapo ndipo ustadi hujulikana.

Mwaka 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama na mstari wa manjano, na mbwembwe zikafifia. Rais Uhuru Kenyatta alipoiunga mkono sanaa ya matatu mwaka 2014, nganya, yaani matatu zilizopambwa, zilirudi kwa kishindo, lakini sasa kulikuwa na mikanda ya LED yenye visanduku vya Kichina vinavyoongozwa na programu. Vina rangi na mitindo ambayo 555 haiwezi. Ila saketi ya 555 hufufuliwa kwa kapasita ya bei ya chini. Kisanduku kikifa, hutupwa.