Mpunga wa Bondeni, Mumunye wa Uani

Ardhi ya Mwamapalala, kama ilivyo sehemu kubwa ya Usukuma, husomwa kwa kufuata mteremko. Juu kuna mchanga mwepesi ambao Wasukuma huuita luseni. Ukishuka unakutana na itogolo, udongo wenye tabaka gumu chini yake, ambalo maji hulipita kwa shida. Bondeni kabisa iko mbuga. Kwingineko nchini neno hilo humaanisha nyika ya wanyama, lakini hapa ni jina la udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kung'ang'ania miguu mvua ikinyesha. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena, yaani mnyororo, na jina hilo likaingia katika vitabu vya udongo duniani kote. Wakulima walikuwa na majina yao kabla yake, na walijua kila pingili ya mnyororo inafaa kwa nini.

Mimea miwili inatosha kutuonyesha ncha mbili za mnyororo huo. Chini, penye maji, upo mpunga. Juu, karibu na nyumba, upo mmumunye unaotambaa kwenye ua wa minyaa au kupanda paa la jiko. Wa kwanza ni mgeni, na habari zake zimejaa kwenye maandishi. Wa pili ni mwenyeji wa bara hili, na karibu hakuna aliyejishughulisha kumwandika. Mtu akiamua leo apande nini nyumbani, anarithi pia tofauti hiyo.

Tuanze na mgeni. Mpunga tunaoulima zaidi ulifugwa Asia, katika bonde la mto Yangtze, na ulifika pwani yetu kwa njia ya bahari. Huko Pemba, mwanaakiolojia Sarah Walshaw alichunguza mabaki ya nafaka zilizoungua katika makazi mawili ya kale. Tumbe, iliyokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, watu walitegemea zaidi uwele. Chwaka, iliyostawi kuanzia karne ya 11, mpunga ndio uliotawala. Kwa hiyo wali, ambao leo tunauona kuwa chakula cha Mswahili tangu na tangu, ulichukua karne kadhaa kukaa mezani hata huko pwani.

Kuingia bara kulichukua muda mrefu zaidi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliuleta mpunga hadi Unyanyembe. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, alikuta Waarabu waliohamia huko wakiulima. Kutoka huko ulisambaa kaskazini kuelekea Usukuma, na hapo wakulima walifanya jambo la akili. Hawakuwa na mto wa kuchepusha wala mifereji. Walichokuwa nacho ni mvua inayoteremka kutoka juu, na udongo wa itogolo na mbuga usioyaachia maji. Wakajenga matuta ya kuyazuia, wakapata majaruba. Udongo ambao kwa mtama na pamba ulikuwa na taabu zake, kwa mpunga ukawa hazina.

Tangu hapo mpunga haukukosa mwandishi. Maofisa wa kikoloni waliufuatilia. Mwaka 1949 N. V. Rounce alichapisha kitabu kizima kuhusu kilimo cha nyika za majimbo ya Ziwa, Magharibi na Kati. Baada ya uhuru wakaja watafiti wa mifumo ya kilimo, na wakaona jinsi wakulima katika sehemu kadhaa za Usukuma walivyogeukia mpunga kila bei ya pamba ilipowaangusha. Sababu ya wingi huu wa karatasi ni nyepesi. Mpunga huingia kwenye gunia, gunia hupanda mzani, na penye mzani pana mtu mwenye kalamu.

Sasa twende uani. Mmumunye, ambao wanasayansi huuita Lagenaria siceraria, ni mzaliwa wa Afrika. Jamaa zake wa porini wote wako Afrika na Madagaska, na mwaka 2004 watafiti walieleza mmea wa porini wa aina hii hii uliopatikana Zimbabwe. Safari zake zinatisha kwa urefu. Mabaki yake Marekani yana umri wa miaka ipatayo 10,000, na kwa muda mrefu wataalamu walibishana ulifikaje huko. Mwaka 1954 majaribio yalionyesha kwamba kibuyu kinaweza kuelea katika maji ya chumvi kwa siku 224 na mbegu zake bado zikaota. Mwaka 2014 uchunguzi wa vinasaba ukaunga mkono jibu hilo: vibuyu vya kale vya Marekani vilitoka Afrika, na yaelekea vilivuka Atlantiki vikielea vyenyewe.

Tunda lake lina maisha mawili. Likiwa changa ni mboga: humenywa, hukatwakatwa na kupikwa. Likikomaa huwa gumu kama ubao, nalo ni kibuyu. Wahenga wa pwani walisema mumunye huharibikia ukubwani, wakimsema mtu aliyeanza vizuri akaishia pabaya. Ni methali ya mtu anayewaza chungu chake. Mfugaji wa Usukuma angeweza kuigeuza, maana kwake mumunye hutengenea ukubwani: ndipo linapobeba maziwa, maji, mbegu na dawa ya mganga. Ndipo linapokuwa kata ya kuchotea, manyanga ya kuchezea ngoma, au kikuza sauti cha ndono, upinde wa muziki wa Wasukuma na Wanyamwezi.

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa na uzito. Ua la mpunga hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa. Mkulima akitenga debe la mbegu, msimu ujao atavuna karibu mpunga ule ule. Mmumunye ni kinyume. Maua yake meupe hufunguka jioni, na nondo hubeba chavua kutoka ua hadi ua, kutoka boma hadi boma. Mumunye tamu la jirani mmoja huchanganyika na kibuyu kichungu cha mwingine, na matokeo huonekana mwaka unaofuata. Uchungu huo si suala la ladha tu. Ni sumu ambayo kupika hakuiondoi, na huko India kumeripotiwa vifo vya watu waliokunywa juisi ya mumunye chungu.

Kwa hiyo kila mumunye tamu tunalolikuta uani leo lina maana moja. Msimu baada ya msimu, kuna mtu aliyeonja kipande, akatema kilicho kichungu, akachagua tunda la mbegu na kulilinda lisichumwe. Aghalabu mtu huyo alikuwa mwanamke, kwa kuwa bustani ya uani na chungu vilikuwa mikononi mwake. Kazi hiyo ilikuwa ya kitaalamu, ilifanyika bila kukatika, na haikuandikwa kwa sababu hakuna aliyelipima mumunye kwa gunia.

Kazi ya namna hiyo hukatika kirahisi. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ilihamisha kaya kutoka maboma yaliyotawanyika na kuzipanga kwa mistari. Bonde halihamishiki, waliopelekwa karibu waliweza kulirudia jaruba. Ua ulibaki nyuma, na mbegu ilifika kijijini ikiwa tu kuna aliyekumbuka kuibeba. Baadaye likaja dumu la plastiki. Halivunjiki likidondoka, halihitaji kusuguliwa ndani, na hakuna sababu ya kuwalaumu waliolipokea. Lakini lilipochukua kazi ya kibuyu, lilipunguza pia sababu ya kupanda mbegu yake, na aina ambazo hazipandwi haziendi makumbusho. Hufa.

Kwa kijana mwenye kipande cha ardhi nyumbani, hesabu si ngumu. Mpunga unataka jaruba, matuta, palizi na maji ya kusimama kwa majuma mengi. Huchukua miezi minne au zaidi, kisha hulipa kwa fedha. Mmumunye unataka shimo moja, samadi na mahali pa kupanda. Baada ya miezi miwili hivi matunda machanga yako tayari. Muda huo huangukia katika miezi ambayo ghala la mwaka jana linaelekea kwisha na mashamba bado hayajaiva. Mpunga ni ada ya shule, mumunye ni kitoweo cha kesho. Kaya zilizodumu Usukuma zilikuwa na vyote viwili, kimoja chini ya mteremko na kingine juu yake.

Kama kuna bibi anayeziweka mbegu zake kwenye kibuyu kilichozibwa kwa gunzi, mwombe chache, na muulize jina la aina hiyo na ilitoka kwa nani. Panda mbali na vibuyu vya jirani. Tunda la kwanza likatwe, lionjwe kwa ncha ya ulimi, na likiwa chungu mmea huo ung'olewe. Lililo tamu kuliko yote liachwe kwenye mti hadi likauke na mbegu zisikike zikicheza ndani. Jina lile nalo liandikwe, pamoja na mwaka.