Ngome ya Joux: Mfungwa mmoja aliruhusiwa kushuka mjini kula bata, mwingine alinyimwa hata kalamu

Ukitoka mji wa Pontarlier, mashariki mwa Ufaransa, ukashika barabara ya kwenda Uswisi, zinapita kilomita chache tu milima ya Jura inaanza kukubana kushoto na kulia. Inafika mahali inabaki njia nyembamba kati ya miamba miwili. Barabara inapita humo, reli inapita humo, na zamani wafanyabiashara na majeshi walipita humohumo. Hakuna ujanja mwingine. Sasa inua macho: juu ya mwamba mmoja imekaa ngome kubwa ya mawe inayokutazama kama askari wa zamu. Hiyo ndiyo Joux.

Watu wengi wanaokwenda pale wanafuata picha kali. Siyo dhambi, maana mandhari yake ni ya hatari kweli. Ila ndani ya zile kuta kuna chumba kimoja ambacho Mwafrika yeyote akiingia lazima anyamaze kidogo. Ili ukielewe hicho chumba, anza kwanza na ngome yenyewe.

NANI ALIIJENGA, NA KWA NINI PALE?

Jibu la "kwa nini pale" ni rahisi: anayekaa juu ya ule mwamba ndiye mwenye ufunguo wa njia. Karne ya 11 walikuwepo mabwana wa ukoo wa Joux, waliojenga boma lao pale wakawa wanatoza ushuru kila anayepita chini. Yaani unapita na mizigo yako, unalipa, la sivyo unarudi ulikotoka.

Mwaka 1454 ngome ikaingia mikononi mwa Mtawala wa Burgundy. Baadaye eneo lote likawa chini ya wafalme wa Hispania, kisha mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa akalichukua kwa vita mwaka 1674, na mkataba wa 1678 ukamthibitishia kwamba ni lake. Hapo akaingia kazini Vauban, injinia maarufu wa mfalme, fundi wa ngome ambaye alama zake zimejaa kwenye mipaka ya Ufaransa. Ukitaka kuona uwezo wake wote, kuna ngome ya Besançon, kama kilomita 60 kutoka Joux, juu ya kilima kilichozungukwa na mto Doubs. Ile iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008.

Joux haikuishia kwa Vauban. Kuanzia mwaka 1879 iliboreshwa tena ili ihimili mizinga ya kisasa, na aliyesimamia kazi hiyo alikuwa ofisa kijana aitwaye Joffre, ambaye baadaye aliongoza majeshi ya Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Ndiyo maana mgeni anayeingia leo anavuka kuta tano, moja ndani ya nyingine, pamoja na mahandaki na madaraja ya kuinua. Kila ukuta ni kama ukurasa: huu wa mabwana wa zamani, huu wa mfalme, huu wa enzi za mizinga. Ndani kuna kisima kilichochimbwa kwenye mwamba zaidi ya mita 100 kwenda chini. Ukidondosha kitu unasubiri kweli kweli kabla ya kusikia kimegonga maji.

Na ilifanya kazi? Ndiyo. Februari 1871 jeshi la Ufaransa lilikuwa limeshapigwa na Wajerumani, askari wana njaa, viatu vimekwisha, theluji kila mahali. Walikimbilia Uswisi kupitia njia ileile, na mizinga ya juu ya mwamba ikasaidia kuwazuia Wajerumani wasiwafikie. Askari kama 87,000 walivuka mpaka, wakasalimisha silaha, wakahifadhiwa na Waswisi.

Lakini haya siyo yanayoifanya Joux itajwe mpaka leo. Kilichoipa jina ni wale waliofungiwa ndani.

KUTOKA NGOME KUWA GEREZA

Kwa watu wa pwani yetu hili siyo geni. Ngome ya zamani pale Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka leo. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ukuta mnene una tabia hiyo: uliomzuia adui asiingie ndiyo huohuo utamzuia mtu asitoke.

Joux nayo ina hadithi zake za kifungo. Wenyeji wanasimulia habari za Berthe, mke wa mmoja wa mabwana wa Joux. Mume alikwenda vitani nchi za mbali, miaka ikapita, mke akadhani amekufa, akapenda mtu mwingine. Mume akarudi. Inasemekana mpenzi yule alinyongwa na Berthe akafungiwa kwenye kijichumba chenye dirisha la kumwonyesha maiti. Hii ni hadithi ya kale, lakini wageni wote wanaisikia.

Mfungwa wa pili ni wa historia kabisa. Mwaka 1775 aliletwa pale kijana wa ukoo bora, Mirabeau. Kosa lake? Madeni na vurugu za ujana, na aliyeomba afungwe ni baba yake mzazi. Sasa sikia kifungo chake kilivyokuwa: aliruhusiwa kushuka mjini Pontarlier, akahudhuria sherehe, akaalikwa kwenye nyumba za wakubwa. Katika nyumba mojawapo akakutana na Sophie, binti mdogo aliyeozwa kwa mzee mwenye cheo. Mapenzi yakawaka. Mwaka 1776 wakatoroka pamoja, wakavuka Uswisi mpaka Uholanzi. Walikuja kukamatwa, ndiyo, ila jamaa aliendelea na maisha, na mwaka 1789 akawa mmoja wa sauti kubwa za Mapinduzi ya Ufaransa.

Shikilia hiyo picha ya mfungwa anayekwenda kucheza dansi mjini. Miaka 27 baadaye, ngome ileile ilimpokea mfungwa mwingine.

JENERALI WA SAINT-DOMINGUE

Anaitwa Toussaint Louverture. Alizaliwa utumwani miaka ya 1740 kwenye shamba la Bréda, katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ndiyo Haiti. Koloni hilo lilikuwa mashine ya pesa: sukari na kahawa, likiendeshwa na watumwa karibu 500,000. Wengi walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, lakini walikuwepo pia waliochukuliwa upande wetu, hasa Msumbiji. Wafaransa walikuwa na biashara hiyo mpaka Kilwa: mwaka 1776 nahodha Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi.

Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue walinyanyuka. Toussaint, aliyekuwa ameshapata uhuru wake, akaingia kwenye mapambano na kuonyesha kipaji cha vita ambacho hakuna aliyekitarajia. Mwaka 1794 Ufaransa ikafuta utumwa katika makoloni yake, naye akapigana upande wake dhidi ya Wahispania na Waingereza. Kufikia 1801 alikuwa anaongoza kisiwa, na katiba iliyoandikwa chini yake ikatamka kwamba utumwa umekwisha pale milele.

Napoleon Bonaparte hakuipenda hiyo. Mwaka 1802 alituma jeshi kubwa chini ya shemeji yake, Leclerc. Baada ya mapigano makali Toussaint akakubali kuweka silaha chini. Juni 1802 akaitwa kwenye mazungumzo, kumbe ni mtego. Akakamatwa, akapakiwa melini na familia yake hadi Ufaransa. Inakumbukwa kwamba alipokuwa anaondoka alisema wamekata shina tu la mti wa uhuru, na mizizi iko mingi na imezama chini.

Tarehe 24 Agosti 1802 akafika Joux. Kwa nini Joux? Fikiria ramani. Iko mbali na bahari, mbali na meli yoyote inayoweza kumrudisha kwao, na iko kwenye kona yenye baridi kali kuliko karibu sehemu zote za Ufaransa. Kijiji cha Mouthe, kilicho jirani, kilipimwa nyuzi 36.7 chini ya sifuri mwaka 1968. Mtu aliyeishi karibu miaka 60 kwenye jua la Karibea analetwa huko. Hapo hahitajiki mnyongaji.

Hakushushwa mjini. Hakualikwa karamu. Hakuna kesi iliyosomwa wala hukumu iliyotolewa. Aliletewa jenerali wa kumhoji alikoficha hazina, akajibu hana. Mtumishi aliyekuja naye akaondolewa. Aliandika utetezi wake wote akampelekea Bonaparte, akiomba ahukumiwe mbele ya mahakama kama askari yeyote. Hakujibiwa. Baadaye akanyang'anywa saa, wembe, karatasi na wino. Hata kuitwa jenerali ilipigwa marufuku. Kuni za kuotea moto zikatolewa kwa kipimo.

Tarehe 7 Aprili 1803 mkuu wa ngome aliingia chumbani akamkuta amekaa kwenye kiti karibu na moto, kichwa kimeegemea ukuta wa meko. Amekufa. Madaktari waliandika kiharusi na nimonia. Alizikwa palepale ngomeni, na mifupa yake ikaja kupotea.

Mfungwa mmoja alikuwa na madeni na ugomvi na baba yake, akapewa ruhusa ya kutembea. Mwingine alikuwa jenerali wa nchi hiyohiyo, hajahukumiwa kwa lolote, akanyimwa kalamu. Kuta zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa thamani ya mtu machoni mwa aliyeshika funguo.

MIZIZI IKACHIPUA

Kama lengo lilikuwa kuzika wazo la uhuru chini ya theluji, lilifeli mapema sana. Habari za utumwa kurudishwa kwenye makoloni mengine ziliwafanya watu wa Saint-Domingue wapigane upya. Homa ya manjano ikamaliza askari wa Ufaransa, Leclerc mwenyewe akiwemo. Tarehe 1 Januari 1804, miezi tisa hivi baada ya kile kifo, Haiti ikatangaza uhuru.

Na unajua walichofanya? Walijenga ngome yao. Inaitwa Citadelle Laferrière, juu kabisa ya mlima kaskazini mwa Haiti, imejengwa chini ya Henri Christophe kati ya 1805 na 1820, kusubiri Wafaransa kama wangethubutu kurudi na minyororo. Hawakurudi kuishambulia. Hiyo nayo iko UNESCO, tangu 1982.

Kwa hiyo ukibahatika kufika Joux, piga picha zako zote za kuta na madaraja. Halafu nenda kwenye chumba cha Toussaint. Ni kile cha kuta nene, meko, na dirisha lililozibwa sehemu kubwa. Simama hapo dakika mbili bila simu. Utakuwa umekwenda kiangazi, kwa sababu kwa kawaida ngome haipokei wageni kipindi cha baridi kali. Hata hivyo utasikia ubaridi wa mawe. Yeye alikaa humo kuanzia Agosti mpaka Aprili.