Bomba Lililozaa Mtaa

Jioni katikati ya Nairobi, makanga hana muda wa jina zima. "Pipe! Pipe! Wawili wa haraka!" Unapanda, unabanwa, na baadaye unashukia Embakasi kati ya maghorofa yaliyosongamana hivi kwamba jirani wa ploti ya pili anaweza kukusalimia kutoka dirishani kwake. Nilikaa Pipeline muda mrefu kabla ya kujiuliza: kwani ni paipu gani hiyo?

Ni bomba la mafuta. Zamani mafuta yalitoka Mombasa kwa reli na malori. Kampuni ya Kenya Pipeline iliundwa mwaka 1973, na kufikia 1978 bomba la urefu wa kilomita 450 hivi lilikuwa limeanza kuyaleta Nairobi chini ya ardhi. Mwaka 1994 lilirefushwa hadi Eldoret na Kisumu. Embakasi, watu waliokuja kutafuta nyumba karibu na njia ya bomba waliuita mtaa jina la kitu kilichowatangulia. Mafuta yakapita, jina likabaki.

Lakini bomba halikuanzia kwetu. Mwaka 1865, huko Pennsylvania, Marekani, mfanyabiashara Samuel Van Syckel alilaza bomba la kilomita nane hivi kutoka visima vya Pithole hadi kwenye reli. Kabla yake, mapipa yalibebwa na magari ya farasi, na wenye magari walijipangia bei walivyotaka. Walipoona bomba linawanyang'anya kazi, walilivunja, naye akaweka walinzi wenye silaha. Kumbe tangu mwanzo, bomba lilikuwa na watu wawili: anayengoja kule mwisho, na anayeachwa kando ya njia.

Baadaye Waingereza na Wamarekani waliligeuza neno hilo kuwa fumbo. Kitu kikiwa "kwa pipeline", basi kimeshaingia upande mmoja, wewe subiri tu kitoke upande wa pili. Wanasiasa wetu walilipenda mara moja. Barabara iko kwa pipeline. Ajira za vijana ziko kwa pipeline. Hata watu wa kompyuta wana pipeline zao za kupitishia data.

Kiswahili kilikuwa na fumbo lake tayari: jambo linaloandaliwa liko jikoni. Na ukiyatazama vizuri, hayafanani. Jikoni unasikia harufu, unaona moshi, unaweza hata kuchungulia sufuria na kuuliza mbona chakula kinachelewa. Bomba limefungwa na kufukiwa. Aliye juu yake hajui kinachopita, kinaenda kwa nani, wala kama kinapita kweli. Anajua siku likivuja.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe 12 Septemba 2011, huko Sinai, Mukuru, upande wa Industrial Area. Petroli ilivuja ikaingia kwenye mtaro wa maji unaopita katikati ya nyumba za mabati. Watu walitoka na mitungi na ndoo kuichota. Moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine wengi wakaungua vibaya. Tukasikia maneno ya kawaida: mbona walichota, mbona walijenga hapo. Sawa, lakini fikiria pia mtu aliyeishi miaka kando ya utajiri unaopita kimya kwenda kwa wengine, halafu asubuhi moja unatokea mlangoni kwake. Ni wangapi kati yetu wangerudisha mtungi ndani?

Mtungi huohuo wa lita 20 ndio ninaouona Pipeline hadi leo, ila sasa unabebea maji. Mfereji ukikauka, mikokoteni inaingia, na watu wanapanda ngazi na maji mabegani hadi ghorofa ya sita. Mtaa uliopewa jina la bomba unanunua maji kwa mtungi.

Kwa hivyo mkubwa akikwambia jambo lako liko kwa pipeline, usipige makofi kwanza. Muulize linatokea wapi, linafika lini, na ni nani wanaolala juu ya paipu wakati wewe unangoja. Akishindwa kujibu, mwambie akupeleke jikoni.