Kiroboto wa maji: mgeni mmoja alivyowafuta wenyeji Naivasha

Tukiliangalia bwawa la Mindu, ambalo mto wetu unapitia kabla ya kufika huku Ngerengere, tunaona maji na samaki tu. Kumbe kwenye maziwa na mabwawa kuna vijinyama vidogo vinavyoelea, wataalamu wanaviita zuplanktoni. Vinakula mwani, halafu vifaranga vya samaki vinavila. Vikiyumba, na kitoweo kinayumba.

Mmojawapo ni dafnia, yaani kiroboto wa maji. Ni wa milimita chache tu. Jike anazaa bila dume, na watoto wanakuwa nakala yake tupu. Hali ikiwa mbaya ndo madume wanatokea, wanapandana, na mayai yenye ganda gumu yanazama kwenye tope. Yanaweza kulala huko miaka mingi kisha yakaanguliwa. Kuchanganya huko ndo kunaleta jeni tofauti tofauti. Kwa kawaida ukoo wenye jeni nyingi unahesabiwa una nguvu, maana balaa likija hawafi wote.

Sasa sikieni ya Ziwa Naivasha, Kenya. Mwaka 2006 Joachim Mergeay na wenzake wa Ubelgiji walitoa utafiti wao. Walichukua tope la ziwa tabaka kwa tabaka, wakapima jeni za mayai ya zamani. Wakakuta karne ya 20 aliingia dafnia wa Kimarekani, chotara asiyehitaji dume kabisa, wote nakala moja. Wenyeji walikuwa wengi zaidi, wana jeni mchanganyiko na akiba ya mayai kwenye tope. Lakini ndani ya miaka 60 wakapotea! Walipopima sehemu nyingine za Afrika walikoishi ndugu zao, wakamkuta mgeni yule yule.

Alifikaje? Inadhaniwa alikuja na samaki wa Kimarekani aina ya besi, waliopandikizwa Naivasha kwa ajili ya uvuvi wa kujifurahisha.

Kwa hiyo jeni nyingi siyo ngao ya kila kitu. Ukihamisha samaki, au hata ndoo ya maji, kutoka ziwa hili kwenda lile, unahamisha na usichokiona. Wenye mabwawa ya samaki hapa Morogoro, kabla hujamwaga vifaranga vya kutoka mbali jiulize kwanza: nani kapewa lifti kwenye maji hayo?

Haya, tukutane kwenye maoni.